Ubao Uliofuata Maji

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne, meno yote na nywele zote. Barua ya kunishukuru inasema nimeitumikia idara ya maji kwa muda mrefu na kwa uaminifu. Bila shaka maneno hayo yamechapwa mara nyingi mwaka huu, maana tuliopunguzwa ni wengi na taipureta ya ofisi ni moja. Serikali imeamua kubaki na watu wachache wanaohitajika. Siku waliyokuja kutuhesabu, mimi nilikuwa mtoni.

Ninyi wawili mliobaki Kibiti mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla sijapanda basi kurudi Tabora. Naandika. Habari za vyeo naziacha, kwa sababu nilichokuwa nacho niliingia nacho na nimetoka nacho. Nitawaeleza zaidi habari ya ubao wa Chumbi, kwa kuwa mnaurithi, na kwa kuwa kosa lake lilikuwa langu.

Nilifika Kibiti nikitoka Chuo Kikuu na shahada moja na mashaka mengi. Nilikuwa yule mwanafunzi ambaye akinyoosha mkono, mhadhiri hutazama saa. Sikukubali jambo kwa sababu mkubwa amelisema, wala kwa sababu wazee wamelisema, wala kwa sababu limeandikwa. Mkuu wa ofisi, Bwana Mkama, alikuwa mtu mwembamba aliyechonga penseli kwa wembe na kuongea kana kwamba maneno yanaletwa kwa mgawo. Siku ya kwanza alinikabidhi ufunguo wa kabati. Ndani nilikuta mashine ya kupimia kasi ya maji isiyo na pangaboi, buti mbili za mpira zote za mguu wa kushoto, na rundo la fomu.

Nikamwuliza mashine ile inafanya kazi gani bila pangaboi.

"Inafanya kazi ya kuombewa pangaboi," akasema, akanionyesha jalada la barua za maombi. Lilikuwa nene kuliko mashine.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Juu huko, mbali na sisi, kuna bwawa la umeme. Maji ya mto hukaa kwanza bwawani, halafu huruhusiwa kuteremka. Sisi tulitakiwa kujua ni kiasi gani kinafika huku chini, kwa sababu huku chini kuna mpunga, kamba, mikoko na watu, na wote hao wanataka maji matamu yafike pwani yakiwa na nguvu ya kuisukuma bahari irudi kwake. Mto ukilegea, bahari inapanda kwenye vijito na kuingia mashambani. Hilo ndilo somo zima. Chuoni lilinichukua miaka mitatu.

Chombo chetu kikuu kilikuwa ubao: kipande kirefu cha bati lililopakwa rangi nyeupe, chenye namba nyeusi kama rula, kilichopigiliwa kwenye nguzo ya mkoko ndani ya mto. Msomaji anakwenda asubuhi na alasiri, anatazama maji yamefika namba gani, anaandika. Mwisho wa mwezi fomu inapanda lori kuja Kibiti. Msomaji wa Chumbi, kijiji cha ng'ambo ya mto, alikuwa Bwana Omari Ngwele, mlinzi wa zamani wa shule ya msingi, mtu wa makamo mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu na heshima kubwa kwa karatasi yoyote yenye mhuri.

Kiangazi cha kwanza nilipokea fomu yake nikashangaa. Safu ya namba ilikuwa tupu siku baada ya siku, na pembeni mwake kulikuwa na habari. "Ubao umesimama mchangani. Maji yapo hatua kumi na saba kutoka ubaoni." Siku ya pili yake: "Hatua ishirini." Siku nyingine: "Ubao upo, lakini umefungwa mbuzi."

Nilicheka, halafu nikakasirika kisomi. Nilimwandikia barua yangu ya kwanza ya kikazi, na ninaikumbuka yote kwa kuwa baadaye nililazimika kuisoma mbele za watu: "Fomu hii ni ya namba. Safu isiachwe wazi kwa sababu yoyote. Maelezo hayahitajiki. Hakikisha ubao upo ndani ya maji nyakati zote." Bwana Mkama aliisoma, akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Akasema barua za vijana kwa kawaida huwa ndefu, na hii ilivyokuwa fupi ilimtia wasiwasi. Nikaipokea kama sifa.

Mwezi uliofuata fomu ya Chumbi ilikuja safi. Kila siku namba mbili, hakuna pengo, hakuna mbuzi. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka. Wakubwa kutoka Dar es Salaam walipokuja kukagua walisema hawajaona kumbukumbu kamili kama zile, na Bwana Omari akapewa cheti. Nilimpelekea mwenyewe kwa baiskeli hadi kivukoni na ng'ambo yake. Alikipokea kwa mikono miwili. Mvua zilikuwa zimeanza, mto umejaa kingo hadi kingo, na ubao ulisimama majini kama askari. Sikuuliza kitu. Mimi, niliyeuliza kila kitu.

Miaka hiyo milango ilikuwa imefunguliwa. Soko la Kibiti lilijaa mitumba, sabuni za rangi na redio, na watu waliokuwa wakipanga foleni kununua sukari sasa walipanga foleni kuiuza. Huko chini, kwenye visiwa vya mlango wa mto, wanunuzi wa kamba walikuja na boti za mashine na makasha ya barafu. Biashara ilikuwa huria. Kila kitu kiliruhusiwa kupita isipokuwa maji.

Ndipo malalamiko ya Mbwera, kijiji cha huko karibu na bahari, yakaanza kufika: chumvi imeingia kwenye mpunga. Bwana Mkama akanituma. Nilishuka kwa mashua ya mashine nikiwa na kipima chumvi kipya, zawadi ya wafadhili, na nikapelekwa kwa Bi Zuhura Mtupa, ambaye majira ya kilimo alihamia kwenye dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba kwa ajili ya kufukuza ndege na nguruwe. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tabora.

"Mnyamwezi!" Akashuka ngazi, akanivua kofia, akaivaa. "Mtani wangu kaniletea kofia."

Mtani ana haki hiyo, na ya kukutukana mbele ya wakweo pia, tangu enzi za misafara. Kuidai kofia ni kujitia aibu. Niliiacha, nikaanza maswali. Anajuaje kwamba ni bwawa? Mikoko imekatwa sana, huenda ukuta wa bahari umebomoka. Mto wenyewe una tabia ya kuhama tawi, huenda umehamia upande mwingine. Na huenda bahari imepanda kwa sababu zake.

"Huenda," akasema Bi Zuhura. "Na huenda mimi nimemwaga pishi ya chumvi nikasahau."

Aliniambia kwamba mwanamke wa Mbwera huonja maji ya kijito kabla ya kusia mbegu. Hilo nalo nililitilia shaka. Nikamchanganyia vikombe vitano vya maji, vingine kutoka kisimani, vingine kutoka kijitoni, nikampa avipange kuanzia kitamu hadi cha chumvi zaidi. Alivipanga sawasawa na kipima changu, ila viwili vya katikati alivibadilisha. Nikamwambia amekosea. Kesho yake niligundua betri ilikuwa inaisha. Mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi kwa vile viwili, na nimewaambieni hivyo makusudi: msije mkasema ulimi haukosei. Ulimi unakosea. Tofauti ni kwamba ulimi wa Bi Zuhura ukikosea, analala njaa Bi Zuhura mwenyewe.

Nikarudi Kibiti, nikawaandikia wa bwawani kuwaomba waachie maji zaidi kwa siku chache kabla ya msimu wa kusia. Jibu lilikuja na adabu zake zote. Walisema wamesikitishwa, lakini kwa mujibu wa takwimu za ofisi yetu wenyewe, ambazo walizisifu kwa ukamilifu, maji ya mto pale Chumbi hayajawahi kushuka chini ya mita moja na kitu, kiangazi wala masika. Walishauri tuchunguze sababu nyingine. Waliambatanisha jedwali. Chini ya jedwali palikuwa na sahihi yangu.

Hapo ndipo pa kujifunza. Nilikuwa na mwanamke mwenye shamba linalokufa upande mmoja, na jedwali upande wa pili. Niliyatilia shaka maneno ya wakubwa, ya wazee, ya wafadhili na ya ulimi. Jedwali nikaliamini, kwa sababu nililiandaa mimi.

Nikarudi Mbwera kumwambia Bi Zuhura kwamba mto una maji ya kutosha, asihofu, asie mbegu zake. Alinisikiliza akiwa amevaa kofia yangu.

"Basi, mtani, mto wako una maji na wangu hauna," akasema. "Nipe huo wa kwenye karatasi nipandie."

Lakini alisia. Alisema mtu aliyekuja mara mbili kwa mashua kwa ajili ya mpunga wa mwingine hawezi kuwa mwongo. Hakuwa amekosea sana, kwa kuwa sikuwa mwongo.

Wiki chache baadaye mchuuzi wa kamba alipita ofisini Kibiti akaniachia kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na mche mmoja wa mpunga, mweupe kama majivu kuanzia ncha hadi nusu yake. Ilikuwa baada ya bamvua, siku ambazo bahari hupanda kuliko kawaida. Hakukuwa na barua. Mchuuzi akasema ameambiwa anipe tu, na kwamba nikitaka matusi nifuate mwenyewe.

Sikufuata matusi. Nilichukua baiskeli, nikavuka, nikaenda Chumbi kuutazama ubao. Ilikuwa asubuhi na mto ulikuwa umepungua hadi mchanga umetokeza katikati kama migongo ya ng'ombe. Chini kabisa, karibu na mkondo, Bwana Omari alikuwa ndani ya maji hadi magotini, nyundo ya mti mkononi, anapigilia nguzo. Kwenye nguzo, ubao wetu ulikuwa mweupe na safi, na maji yamefika mita moja na kitu.

Nikamwuliza anafanya nini.

"Naupeleka majini," akasema. "Jana jioni ulianza kubaki nyuma."

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu barua yako, Bwana Maji."

Akanionyesha ukingoni. Kutoka juu penye nyasi hadi pale tuliposimama, kulikuwa na mstari wa visiki vya nguzo, vinashuka kimoja baada ya kingine kama ngazi. Kila kiangazi mto ulipokimbia, Bwana Omari aliufuata na ubao. Masika yakirudi, alipanda nao. Alikuwa amefanya kazi hiyo bila msaidizi na bila kulalamika, na kwa ustadi kiasi kwamba hakuna nguzo iliyosimama mshazari. Barua ilitaka ubao uwe ndani ya maji nyakati zote. Mtu mzembe angebuni namba nyumbani, akanywa chai, na tungemgundua mapema.

Nilikaa mchangani. Nafikiri nilisema kwamba miaka yote ile imepotea, hatuna kumbukumbu hata moja ya kweli. Bwana Omari aliniangalia kwa mshangao wa mtu aliyetukanwa na mtu asiye mtani wake.

"Kumbukumbu zipo," akasema. "Ulinikataza kuandika habari kwenye fomu. Daftari hukulitaja."

Alikuwa na madaftari manne ya shule. Kila alipouhamisha ubao aliandika siku, kisiki cha ngapi ametoka, kisiki cha ngapi ameingia, na hatua ngapi kutoka ukingo wa nyasi. Mbuzi pia walikuwemo.

Kwa hiyo niliazima darubini ya wapima ardhi, nikapima kimo cha kila kisiki dhidi ya jiwe lisilohama lililo juu ukingoni, na kwa kutumia madaftari nikairudisha kila namba mahali pake. Sikilizeni hili ninyi mnaobaki: kabla ya kuamini ubao, pimeni ubao umesimama wapi. Ilinichukua miezi. Mto uliotokea kwenye karatasi mpya haukufanana na ule wa zamani. Ulikuwa unazimia kila kiangazi, na kila mwaka ulichelewa zaidi kuamka.

Bwana Mkama aliyasoma yote kwa siku mbili. Akasema kuna njia mbili. Tunaweza kupeleka takwimu mpya na kuandika kwamba "zimerekebishwa", neno ambalo halina mwenyewe. Au tunaweza kueleza kwa nini zilikosewa, na hapo kuna barua yenye jina. Neno la kwanza lingenilinda, lakini watu wa bwawani wangeuliza zimerekebishwaje, na jibu lingemwangukia Bwana Omari: msomaji alihamisha ubao. Nikaiweka barua yangu juu ya jalada. Naomba msinisifu. Nilifikiria njia ya kwanza kwa usiku mzima na nilikuwa nimekwisha kuichapa.

Mwaka mzima ukapita katika barua. Mwishowe mhandisi wa bwawa akaja Kibiti, na kikao kikafanyika ofisini kwetu. Bwana Mkama alikuwa amemwalika Bi Zuhura bila kuniambia. Aliingia na kofia yangu kichwani. Nilisoma barua yangu kwa sauti, nikaeleza visiki. Mhandisi alikuwa mtu mstaarabu na hoja yake haikuwa ya kijinga: maji yakiachiwa bila kupita kwenye mashine ni umeme uliotupwa, na Dar es Salaam tayari ilikuwa inakaa gizani kwa zamu. Kisha akauliza, kwa upole, ni kwa nini aziamini namba za pili za watu waliomletea za kwanza.

Lilikuwa swali zuri. Ningekuwa upande wake ningeliuliza mimi.

Bi Zuhura akamwuliza mgeni kabila lake. Akasema ni Mnyakyusa.

"Basi sina utani nawe, sina ruhusa ya kukutukana," akasema Bi Zuhura. "Nitamtukana huyu wangu. Wewe sikiliza tu."

Akanigeukia. "Wewe Mnyamwezi, mwerevu gani unaswaga ubao mtoni kama mbuzi? Uliniambia mto umejaa, nisie. Nikasia. Mbegu za mama yangu zikaungua. Mbegu zilizobaki ndani kwangu ni za kusia mara moja. Mara moja, halafu basi, nikale za dukani. Leo umekuja na karatasi nyingine. Nakuuliza wewe, simwulizi mgeni: safari hii nisie au nisisie?"

Nilijua takwimu zote za mto ule na sikuweza kumjibu, kwa kuwa jibu halikuwa kwangu. Kila mtu mle chumbani alijua lilikuwa kwa nani. Mhandisi alizungusha kalamu yake mara kadhaa. Halafu akamwuliza, moja kwa moja, yeye angetaka maji yafike lini.

"Kabla ya bamvua la mwezi ujao kuanza," akasema Bi Zuhura.

Mhandisi akaandika. Akasema hawezi kuahidi kila mwaka, na hawezi kuahidi mengi. Ataachia kwa siku kadhaa, kwa majaribio, na atataka kuona namba za Chumbi. Bi Zuhura akaniambia mimi: "Nitasia. Nikiungua tena, nakufuata Tabora."

Nilikwenda Chumbi siku iliyofuata. Nilimwambia Bwana Omari, mara hii kwa mdomo na kwa maandishi, kwamba ubao ubaki pale pale chini ulipo, usihamishwe hata kidole, na kwamba habari pembeni zinahitajika. Niliahidi pia mbao nyingine tatu za kupanga ngazi ukingoni, ili mto ukipanda ukaufunika mmoja ukutane na mwingine. Ombi la mbao hizo limo kwenye jalada lile la pangaboi. Lifuatilieni.

Halafu wahesabuji wa watumishi wakaja nami sikuwepo. Barua yangu ya kustaafu na fomu ya Chumbi zilifika juzi kwa lori moja. Juu ya mfuko wa fomu dereva alikuwa amefunga kofia yangu, imefuliwa, na ndani yake jani la mgomba lenye miche mitatu ya mpunga, ya kijani hadi ncha. Sijui kama msimu utaisha vizuri. Kuna ndege, kuna nguruwe, na kuna mwaka kesho, ambao mhandisi hakuuahidi.

Fomu nimeiacha kwenye meza yenu. Imejaa namba mpaka katikati ya mwezi, zinapanda taratibu. Kuanzia hapo safu ni tupu kwa siku sita. Msimwandikie barua. Pembeni, kwa ule mwandiko wake mzuri, Bwana Omari ameandika: "Ubao hauonekani. Sijauhamisha. Maji yapo."

Niliweka sahihi yangu chini yake, kisha nikarudisha ufunguo wa kabati.